Kasi ya Jumapili

Kipimo hakidanganyi, ndivyo Toader, fundi wa intaneti, alivyokuwa akiwaambia watu kijijini. Waya wa zamani wa simu: megabiti nne. Antena ya juu ya paa: thelathini na mbili. Faiba ni mia sita, lakini inaishia mjini, na nani ailete kwenye kijiji cha wazee tu? Basi akafunga antena nyumba arobaini, na waya wa baba yake akaukata kwa mkono wake mwenyewe. Ila alipima Jumanne asubuhi, watu wakiwa mashambani. Fundi mzima!

Zile nne zilikuwa nne siku zote, zako peke yako. Thelathini na mbili ni za kugawana. Na Jumapili, ibada ikiisha, kila nyumba huwapigia watoto wake Italia na Uhispania kwa wakati mmoja.

Jumapili moja, saa hiyohiyo ya simu, mzee Simion, baba yake, akaanza kukata roho. Aglaia, dada yake Toader, anayemtunza mzee wa watu kwa mshahara huko Torino, Italia, alikuwa na tiketi ya kuja Jumatatu. Aliomba jambo moja tu: amwone baba akishikishwa mshumaa, maana kwao anayekufa bila mwanga mkononi huenda gizani, na wanawe hawasamehewi. Toader akaegemeza simu kwenye kiti, mbele ya kitanda. Uso wa Aglaia ukaganda, mdomo wazi, sauti ikija vipandevipande.

"Siwaoni. Usiwashe kabla sijamwona."

"Bado ana nguvu, dada. Ngoja nikawazimie wengine intaneti."

Mnara unaozilisha antena zote uko kilimani, nyuma ya kanisa. Alikimbia na pumu yake ya miaka yote, akafungua sanduku la mitambo, akazikatia mtandao nyumba thelathini na tisa. Mama wangapi aliwakata katikati ya neno! Hakujali hata kidogo.

Aliporudi, picha ilikuwa safi, hata hereni za Aglaia zilionekana. Baba alilala macho wazi, mkono juu ya blanketi, kiganja kimeelekea juu. Mshumaa ulikuwa mezani, haujaguswa na moto.

"Picha ilitengemaa kitambo," Aglaia alisema taratibu. "Nimeona yote. Alikuita mara mbili, akanyoosha mkono. Nikamwambia unakuja."

Toader akawasha kiberiti hata hivyo. Vidole vya baba havikushika.