Hapana Yangu ya Pili

Barua ile niliisoma nikiwa nimesimama shambani Kinole, mikono ikinuka mdalasini. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, alikuwa amepanda nayo mlima kwa miguu tangu barabarani. Chuo kilikuwa kimemchagua binti yao kwenda Bujumbura, Burundi, muhula mmoja, akaimarishe Kifaransa chake. Kilichobaki ni familia kukubali.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwenye mambo mazito mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Shemeji hakuwa Mluguru. Alikuwa mtumishi wa serikali, msomi kunizidi, na angeweza kusaini mwenyewe bila kuniuliza. Alikuja kwa heshima. Mimi nikamrudishia barua nikasema, "Hapana. Msichana peke yake nchi ya watu? Hapana."

Nilisema hivyo, lakini sababu haikuwa hiyo. Nilitaka shemeji ajue kwamba kwa mtoto wetu, usomi wake wote unaishia mlangoni kwangu. Huo ndio ukweli, na imenichukua miaka mingi kuuandika. Nafasi akapewa mwanafunzi mwingine. Shemeji alifariki kabla sijamwomba radhi.

Mpwa wangu hakunigombeza. Alimaliza chuo, akawa mwalimu wa Kifaransa wa sekondari mjini Morogoro, akaolewa, akajenga huko huko, mtaa wa Mafiga. Kila sikukuu alinipandishia sukari na sabuni. "Shikamoo mjomba," kila mara, kwa adabu zote. Ila hakuniuliza jambo lolote tena. Alipoposwa nilipelekewa taarifa. Nyumba yake niliiona ikiwa imeshaezekwa. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na hakuna aliyewahi kuitamka.

Mwaka jana mdogo wangu, mama yake, akanipigia simu kutoka Turiani, anakolima mpunga.

"Kaka, mwanao amepata tena ile nafasi. Mara hii ni ya walimu. Bujumbura ile ile."

"Anaondoka lini?"

"Haendi. Mumewe yuko barabarani na malori, mimi huku nimefungwa na mpunga, watoto atamwachia nani? Na usiseme nimekwambia. Amesema hataki kumwomba mtu."

Huyo mtu nilimfahamu: ni mimi.

Kesho yake asubuhi nikashuka mjini na mananasi matatu. Kwa kawaida mjomba haendi kumwomba mpwa wake. Anaitwa, anawekewa kiti, anaombwa yeye. Nilimkuta barazani anasahihisha madaftari.

"Shikamoo mjomba. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nimekuja kukuomba uende Burundi."

Akaweka kalamu chini. Nikaendelea kabla sijaingiwa na woga. Nikamweleza habari ya barua ile, ya baba yake, ya kiburi changu, yote kama nilivyoandika hapa. Binti zake wawili, mmoja wa darasa la sita na mwingine la pili, walikuwa dirishani wanasikiliza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Na hawa?"

"Nitakaa nao mimi."

"Wewe, mjomba? Hujui hata chumvi inawekwa saa ngapi!"

"Watanifundisha."

Yule mdogo akacheka kule dirishani. "Babu, na kanga utavaa?"

"Nitavaa."

Baada ya wiki mbili akaondoka, nami nikahamia Mafiga. Wali wangu wa kwanza uliungua chini na juu ukabaki mbichi. Mkubwa aliuonja, akafikiri. "Babu, huu tuwape kuku. Ila tuwaombe radhi kwanza." Kufikia wiki ya tatu nilikuwa najua kupasi sketi za marinda na kupika maharage yanayolika.

Ndipo jioni moja akapiga simu analia. Alikuwa amefeli jaribio la kwanza la kuzungumza. Kifaransa chake kilikuwa cha ubaoni: kukiandika anakiandika vizuri, lakini wenyeji wakimsemesha haraka anaganda. Tena Bujumbura wengi wanajua Kiswahili, hivyo akikwama kidogo tu anakimbilia huko, sokoni, kwenye basi, hata kwa mama mwenye nyumba alikopanga.

"Leo kijana mmoja amenicheka mbele ya darasa, mjomba. Mimi, mwalimu, mtu mzima. Narudi Jumamosi."

Neno likawa langu tena.

"Hapana," nikasema. "Hurudi."

Nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Niliposhuka mlimani kuanza sekondari, Kiswahili changu kilikuwa na lafudhi nzito ya Kiluguru, na siku ya kwanza nilipojibu swali darasa zima lilicheka. Sikunyoosha mkono tena mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Miaka minne nilijifanya bubu ili nisichekwe, na matokeo yangu yakawa ya bubu.

"Waache wacheke," nikamwambia. "Wewe sema. Kiswahili kifungie sandukuni. Hata nyanya, ukishindwa kuziomba kwa Kifaransa, lala bila nyanya."

Nikamsikia anavuta kamasi. "Mjomba, hii ni hapana yako ya pili."

"Ndiyo. Ile ya kwanza niliikosea."

Akacheka huku analia, na Jumamosi hakurudi.

Wiki iliyofuata alikula ugali kwa chumvi siku mbili. Siku ya tatu alitoka sokoni na nyanya, vitunguu, na bilinganya ambayo hakuitaka. Mama mwenye nyumba aliombwa amnyime chai kila atakapoiomba kwa Kiswahili, na alimnyima kweli. Sisi alitupigia simu akiwa amejificha nyuma ya nyumba, ananong'ona, asije akasikika akisema Kiswahili. Watoto walilipenda sana jambo hilo. Nao wakawa wanamnong'oneza, hata kumwambia tu kwamba mdogo ameota jino.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kufundisha kipindi kizima mbele ya wanafunzi wa kule, wakaguzi wakiwa wamekaa nyuma. Mwalimu mwenzake alimshikia simu, na sisi Mafiga tukaiegemeza yetu kwenye chupa ya chai tukatazama. Sikuelewa neno hata moja. Nilimwona anazunguka katikati ya madawati, hana karatasi mkononi. Kijana mmoja akauliza kitu kwa sauti ya uchokozi, sauti ambayo huhitaji kujua lugha ili uitambue. Nikashika meza. Mpwa wangu akamjibu pale pale, maneno machache, ya haraka, na darasa zima likaangua kicheko, kijana mwenyewe akicheka kajishika kichwa.

Kicheko cha kumcheka mtu nakijua. Hiki hakikuwa hicho. Walikuwa wanacheka naye.

"Babu, mbona machozi?" mdogo akauliza.

"Maharage yanaungua," nikasema, nikaenda jikoni. Yalikuwa yanaungua kweli.

Alikuwa wa kwanza katika kundi lao. Tulikwenda kumpokea stendi ya Msamvu, watoto wamevaa nguo za sikukuu nilizozipasi mwenyewe. Alishuka amekonda, macho yanang'aa, akaniamkia, akawakumbatia wanawe mpaka mdogo akalalamika. Kisha akanigeukia.

"Mjomba, kuna jambo. Maofisa elimu wanataka wakati wa likizo niwafundishe walimu wenzangu wa Kifaransa wa mkoa mzima. Sijawajibu."

"Kwa nini?"

"Nimewaambia nitamuuliza kwanza mjomba wangu."

"Ndiyo," nikasema.

"Hata hujasikia ni lini."

"Ndiyo," nikarudia, nikamtwisha mkubwa mkoba wa mama yake, na begi kubwa nikalibeba mimi.