Gulio la Jana

Kwenye jukwaa lile la mtandaoni mgeni hakuruhusiwa kumsahihisha mtu. Aliweza kusoma, kuuliza na kushukuru. Jina lake lilikaa chini ya kichwa kilichoandikwa Barazani, na angekaa hapo mpaka alete ukurasa alioutengeneza kwa mkono wake, wenyeji wajaribu kuuvunja kwa juma zima, washindwe. Ukisimama, jina lilihamishwa Sebuleni, naye akahesabiwa mtengenezaji. Ukivunjika anarudi barazani, na hapeleki mwingine mpaka awamu ijayo, ambayo ilitangazwa wasimamizi walipopata nafasi.

Mimi niliingia barazani mwishoni mwa 2012. Nilikuwa mchapaji kwenye duka la steshenari mjini Kibondo: barua za maombi, fotokopi za vyeti, kadi za harusi. Shule niliiachia kidato cha pili. Nasema hivyo siyo kwa kujidai wala kwa kuomba huruma, ila msomaji ajue kwa nini neno mtengenezaji lilinikaa kichwani kuliko lilivyostahili. Kuchapa nilikujua. Kutengeneza sikuwa na hakika kama nakujua au nanakili tu, na hapakuwa na mtu Kibondo wa kunipimia.

Kilichonipeleka kule ni kuku. Nilikuwa natafuta mapambo ya kadi, nikafungua ukurasa wa mtu wenye picha ya kuku, na nilipomgusa kwa kishale akaruka akakaa upande wa pili. Nikamgusa tena, akarudi. Kurasa nilizozijua ni za kusoma, kama gazeti. Hii ilinijibu. Chini yake paliandikwa kwamba aliyeitengeneza ni mwanachama wa jukwaa la Kiswahili la watengenezaji wa kurasa zinazojibu, nikafuata njia hiyo.

Bandiko langu la kwanza nililianza kama tunavyoanza nyumbani. Nilisalimia wakubwa, nikasalimia wadogo, nikauliza wameamkaje na huko kwao mvua ikoje, kisha chini kabisa nikaweka swali. Mmoja wa Dar es Salaam alijibu salamu zote kwa utaratibu, akasahau swali. Mwingine aliuliza, "Mkuu, Kigoma ni mwisho wa reli. Huko Kibondo reli yenyewe hata haijafika, intaneti imefikaje?" Wakacheka wengi. Siwezi kusema walinidharau. Walinitania, na kutania siyo kudharau, ingawa siku nyingine nilishindwa kuona mpaka uko wapi. Jioni hiyohiyo yule wa reli ndiye aliyenijibu swali, kwa urefu na kwa upole. Wote waliniita mkuu na walidhani ni mwanamume. Sikuwasahihisha, maana mgeni hasahihishi.

Nilijifunza kwa kuhifadhi nyuzi za mazungumzo yao kwenye flashi na kuzisoma taratibu nisipokuwa na mteja. Ilipofika 2013 nikaona na mimi nina cha kupeleka. Watu waliokuja dukani walikuwa na desturi ya kuuliza gulio la leo liko wapi. Huku kwetu kila kijiji kina siku yake ya gulio, na mwenye vitenge au chumvi anaishi kwa kuzijua siku hizo. Nikatengeneza ukurasa wenye vitufe vitatu: leo, kesho, keshokutwa. Ukibonyeza, kikapu kinafunguka, kinatokea kijiji chenye gulio na bidhaa zinazopatikana huko. Niliweka Murungu, Busunzu, Rungwe Mpya na vingine. Siku yenyewe, ambayo ukurasa uliisoma kwenye saa ya kompyuta, sikuiandika. Niliona ni kujaza nafasi bure, maana kila mtu anajua leo ni siku gani.

Hapa lazima nieleze kuhusu kompyuta ya dukani. Umeme wa mji ulikatika ulivyotaka, na kibetri kidogo kinachotunza saa ndani ya kompyuta kilikuwa kimekufa zamani. Kila ilipoamka iliamini tuko Januari ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado mtoto. Kwa hiyo kila asubuhi niliirekebishia tarehe kwa mkono. Siku ya kwanza ukurasa wangu ulipofanya kazi, nilibonyeza leo, kikapu kikanipa gulio la jana. Nikajua nimekosea kuweka tarehe. Nikaisogeza mbele siku moja, kikapu kikatoa gulio la leo barabara. Tangu hapo kila asubuhi niliiweka kompyuta siku moja mbele. Tarehe za barua za wateja nilizichapa kwa kutazama kalenda ya ukutani, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Kompyuta ile ilikuwa mwongo anayejulikana, nami nilikuwa nimeuzoea uongo wake. Sikuwahi kujiuliza.

Niliupeleka ukurasa, juma la kuvunja likaanza. Mmoja alibonyeza vitufe kwa fujo mpaka kikapu kikachanganyikiwa. Nilipewa nafasi ya kurekebisha, maana hitilafu ndogo ziliruhusiwa kuzibwa papo hapo. Mwingine aliufungua kwenye simu ya bei ndogo, kikapu kikagoma, lakini majina ya vijiji yakaonekana, akakubali. Yule wa reli aliandika kwamba hajui Murungu ni wapi ila sasa anatamani kwenda. Msimamizi, mtu wa Mwanza aliyekuwa hatumii maneno mengi, aliandika tu kwamba mpaka sasa umesimama. Bandiko hilo nililifungua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Juma likielekea kwisha akatokea mtu wa Kasulu. Alikuwa mwalimu wa sekondari aliyetoka Tanga, amepangiwa kazi Kasulu, na ndiye mwenyeji pekee wa sebuleni aliyeishi karibu nasi. Aliandika kwamba ukurasa unamwambia leo gulio liko Rungwe Mpya, na mama jirani yake anayeuza dagaa amerudi kutoka gulio la Rungwe Mpya jana. Akaomba niangalie.

Niliangalia. Kwangu kikapu kilisema sawasawa na kalenda ya ukutani. Nikamjibu kwa heshima kwamba kwangu ni sahihi. Akajibu kwa heshima kwamba kwake siyo. Wengine hawakuweza kuamua, kwa sababu hakuna aliyejua Rungwe Mpya inaenda sokoni lini. Wakaanza kusema Kasulu inaionea Kibondo wivu, na kwamba mwalimu anataka abaki peke yake mwenye kiti sebuleni kutoka Kigoma. Mwalimu hakujibu hayo. Kunyamaza kwake kulinisumbua. Mtu anayesingiziwa akakaa kimya, ama ni kweli ana hila, ama ana uhakika. Msimamizi aliongeza muda mpaka sisi wawili tuafikiane, akasema neno letu ndilo litakuwa hukumu.

Dada yangu ameolewa Kasulu. Niliomba ruhusa kwa mwenye duka, ambaye nilimwita baba, Mwislamu ambaye marehemu babake alihamia huku kutoka Bagamoyo. Aliniuliza kama ninakwenda kwenye msiba. Nikamwambia ni kuhusu ukurasa. Alinitazama kidogo, akaniambia niwasalimie.

Mwalimu alinipokea barazani kwake, mkewe akaleta chai. Alishangaa kuona ni mwanamke, akauficha mshangao wake haraka, akaacha mkuu akaanza kuniita dada. Akafungua ukurasa kwenye kompyuta yake, ya kupakata, nzima kabisa. Kikapu kikatoa gulio la jana.

Nilimwambia saa ya kompyuta yake imekosea. Akanionyesha simu yake, kisha ya mkewe. Zote zilikubaliana na kompyuta. Nikaomba niisogeze tarehe mbele siku moja. Nikaisogeza, nikabonyeza, kikapu kikasema kweli.

"Unaona?" nikamwambia.

"Naona," akasema. "Kwa nini umeisogeza?"

"Ya dukani huwa naisogeza hivyohivyo."

Mkewe, ambaye alikuwa hajui kinachoendelea, aliniongezea chai, na ninakumbuka nilimshukuru kwa maneno mengi mno.

Tulifungua maagizo ya ndani ya ukurasa, tukaenda moja moja. Kosa lilikuwa mahali nilipoorodhesha siku za juma. Nilianza na Jumamosi, kisha Jumapili, Jumatatu, nikashuka hadi Ijumaa. Ndivyo Kiswahili kinavyohesabu, mosi, pili, tatu, na haikunijia akilini kwamba kuna njia nyingine. Kompyuta inaanza na Jumapili. Mimi na yenyewe tulikuwa tunapishana siku moja tangu mwanzo, na kila asubuhi, kwa kusogeza tarehe, nilikuwa nawapatanisha wawili wasiojua kuwa wamegombana. Ajabu nyingine ni kwamba kwa Kiha, lugha ya nyumbani, siku ya kwanza ni Jumatatu. Nilikuwa na hesabu mbili kichwani, na zote siyo ile iliyotakiwa.

Mwalimu alicheka, ila hakunicheka mimi. Alisema hata yeye angeanza na Jumamosi, watu wa pwani wote wangeanza na Jumamosi. Kuhamisha jina moja kutoka juu kwenda chini kungetosha. Kisha akatazama bustani yake ya mchicha, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, naweza kuandika kwamba ni saa yangu iliyokosea. Unarekebisha leo, kesho uko sebuleni. Nani kule anaijua Rungwe Mpya?"

Kwa kumtendea haki, sidhani alinishawishi kufanya ubaya. Aliona mtu amesafiri kutoka Kibondo kwa ajili ya kiti, akamhurumia. Nami nilikitaka kile kiti. Nilikitaka kuliko nilivyomwonyesha.

Nilikunywa chai yote kabla ya kujibu. Nimejaribu baadaye kujipa sababu nzuri na sikuipata. Huenda ni uaminifu. Huenda ni woga tu, kwamba kule kuna watu wengi na siku moja mmoja angeoa Kasulu. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba niliingia kule ili nijue kama mimi ni mtengenezaji. Nikipita kwa namna hiyo, ningekaa sebuleni bila kujua.

"Andika ulichokiona," nikamwambia.

Akaandika mbele yangu. Aliandika vizuri, hakunipunguzia wala hakuniongezea.

Majibu nilikuwa siyategemei. Jukwaa zima liliacha ukurasa wangu likaanza kugombania juma linaanza lini. Wa Zanzibar walisema Jumamosi, na kompyuta ndiyo iliyokosea. Mmoja wa Moshi akasema Jumatatu, kwa sababu ndiyo siku anayoamka na uchovu. Mtu mmoja akapendekeza nihamishwe sebuleni kwa sababu Kiswahili hakiwezi kuwa kosa kwenye jukwaa la Kiswahili, na wengi wakamuunga mkono, yule wa reli akiwa mbele yao. Kwa siku nzima nilidhani nitapita.

Kisha msimamizi akaandika: "Anayekwenda gulioni anakuta uwanja mtupu. Umevunjika. Mkuu wa Kibondo arudi barazani." Chini yake akaongeza ombi, kwamba niandike somo fupi la kuwaonya wenzangu kuhusu siku za juma, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kulifafanua jambo hilo.

Nilipoisoma hukumu niliona ni ya haki. Sikufurahi, ila sikupata pa kuipinga, na nilipatafuta.

Nyumbani nilimsimulia mama, ambaye ni Msabato. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sabato umeiweka ya kwanza, mwanangu. Ilikuwa lazima ivunjike." Nilipoyapeleka maneno hayo dukani, mwenye duka alitafakari, akasema kumbe kompyuta ni Msabato, basi asiniulize mtu kwa nini haipendi kufanya kazi. Wateja wakaondoka na neno hilo. Kwa muda mrefu, kompyuta ikigoma, mtu akiwa kwenye foleni ya fotokopi alisema iacheni, iko ibadani. Mwenye duka ndiye aliyeleta kibetri kipya cha saa, siku chache baadaye, bila mimi kumwomba.

Somo nililiandika. Wakalibandika juu kabisa ya jukwaa, mahali kila aliyefungua alikutana nalo kwanza. Chini yake lilikuwa jina langu, na kando ya jina neno mgeni, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Mwalimu aliona kuwa inachekesha. Mimi niliona ni taarifa sahihi.

Ukurasa niliurekebisha kwa kuhamisha jina moja, nikausubirisha awamu ijayo. Wasimamizi hawakupata nafasi mwaka ule, wala uliofuata. Watu walianza kuhamia kwenye makundi ya simu, ambako hakuna baraza wala sebule, kila mtu anaingia akizungumza. Mwalimu alihamishwa, akarudi Tanga. Mwanzoni mwa 2015 nilifungua jukwaa nikakuta limefungwa, hakuna hata tangazo. Sijui mpaka leo ningepita au la. Ukurasa ule ulikuwa sahihi, lakini kuwa sahihi na kusimama juma zima mbele ya watu wanaotaka uanguke ni mambo mawili, na la pili halikufanyika. Kwa hiyo nikiulizwa nasema nilikuwa mgeni kwenye jukwaa la watengenezaji.

Ukurasa umebaki kwenye kompyuta ya dukani. Mama wa chumvi akipita bado anauliza kutoka mlangoni gulio la leo liko wapi. Jibu ninalijua kichwani, kama kila mtu. Hata hivyo humwambia asubiri, nabonyeza leo, natazama kikapu kikifunguka, natazama na kalenda ya ukutani, ndipo namjibu.