Talaka ya Kaskazini

Walimwita Vidole, na jina likamkaa. Mama yake alikuwa kiziwi, kwa hiyo mikono yake ilijua kusema kabla ya mdomo. Alipokua akapata kazi ya ukalimani wa lugha ya alama bungeni, akawa anasimama pembeni ya Spika, kamera zikimkodolea macho.

Siku hiyo mbunge wa jimbo la kaskazini aliinuka, uso kaukunja. "Mheshimiwa Spika, tuliingia kwenye shirikisho hili kwa hiari yetu. Jimbo letu lina haki ya kujitenga!"

Vidole akakwama. Neno hilo halikuwahi kutamkwa humo ndani, na alama yake hakuwa nayo. Kufumba na kufumbua, mikono ikaamua yenyewe: ikavua pete kidoleni, ikaitupa. Hiyo ni alama ya talaka.

Huko juu, kwenye jukwaa la wageni walikokaa viziwi, mama yake akiwamo, pakalipuka kicheko.

Waziri wa katiba akasimama. "Haiwezekani! Katiba haina mlango wa kutokea. Reli itakuwa ya nani? Na mto je?"

Kwa kuwa mambo yalishakuwa ya ndoa, mikono ya Vidole ikaonyesha watu wawili wanang'ang'ania sufuria. Viziwi wakashika mbavu. Kicheko kikampanda Vidole mwenyewe. Akakimeza, kikatokea puani.

"Wanacheka nini hao?" Spika akafoka.

"Nisamehe, Mheshimiwa. Sina alama ya kujitenga. Nimetumia ya talaka."

Vidole akajua kibarua kimeota nyasi. Mara Spika akaangua kicheko, Bunge zima likamfuata, hata mbunge wa kaskazini akavua miwani kufuta machozi.

"Sawa, iwe talaka!" mbunge huyo akasema akihema. "Mke hafungiwi ndani."

"Wala haondoki na mlango kichwani," waziri akajibu, meno nje.

Hasira zikayeyuka, na jioni wakakubaliana: watu wa kaskazini waulizwe kwa kura, na wakitaka kutoka, pande zote zikae mezani kwanza.

Mama alimsubiri kwenye ngazi. "Nani kashinda?" akauliza kwa mikono.

"Hakuna, mama. Wataongea."

"Vizuri. Mimi na baba yako tunaongea tangu hujazaliwa." Akafikiri kidogo. "Watu wanasema anakoroma. Mimi sijui."

Wakacheka mpaka wakakaa chini, waheshimiwa wakawaruka kwenda kwenye magari yao.