Glasi ya Kwanza ya Maji

Kwa miaka ishirini na saba, mtu wa kwanza kunywa maji ya mji ule alikuwa yeye. Hakuamriwa na mtu. Kila asubuhi alipoingia maabara ya mtambo wa maji, kabla hata ya kuvaa koti jeupe, alifungua bomba, akajaza glasi na kuinywa hadi tone la mwisho, ndipo akaanza kupima. Wenzake walimtania kwamba siku moja ataukausha mto. Akawajibu kuwa hawezi kuwanywesha watu kitu ambacho mwenyewe hajakionja. Basi jina likamganda: Mama Glasi. Na alilipenda jina hilo, msidanganyike na uso wake wa kazi.

Sasa fikiria mwanamke wa namna hiyo amwekee rafiki wa nyumbani glasi mezani, na kabla hajammiminia, rafiki aipindue mdomo chini.

Rafiki mwenyewe alikuwa fundi saa. Ndiye aliyesimama kando ya mume wa Mama Glasi siku ya harusi yao, na tangu siku hiyo alimwita shemeji, naye akaitwa shemeji vilevile. Kila Jumapili alikula kwao. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vyembamba, asiyepokea neno la mteja hivi hivi: ukimwambia saa imeingia maji, ataitikia kwa adabu, kisha ataifungua aone mwenyewe.

Mke wa fundi alipofariki ghafla, hospitali walimwambia moyo umesimama, basi. Kwa mtu aliyetumia umri wake wote kutafuta kwa nini kitu kimesimama, hilo halikuwa jibu. Ndipo simu yake ikapokea sauti iliyorekodiwa ya mtu aliyejiita daktari, sauti iliyokuwa ikizunguka toka kwa huyu kwenda kwa yule, ikisema dawa inayotiwa majini haiui vijidudu vyovyote, kazi yake ni kudhoofisha mioyo na kupooza akili ili watu wasiulize maswali. Aliisikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akaamini.

"Shemeji, nakuheshimu sana," alisema Jumapili ile, kiganja chake kikiwa juu ya glasi. "Lakini maji yenu sinywi tena."

"Yetu? Ni mimi ninayeyapima, shemeji. Unasema nawalisha watu sumu?"

"Wewe hujui unachopewa utie."

Mume wa Mama Glasi alisimama. Alimwonyesha rafiki yake mlango, na kwa karibu miaka miwili hakumfungulia tena.

Mtaa nao haukuwa na huruma. Barazani kwa kinyozi, wanaume wanapochezea drafti, walimpa jina la Profesa wa Bomba. Akipita na ndoo yake ya maji ya mvua, mmoja alijifanya kapooza mkono, mwingine akajibwaga chini, na wote wakacheka hadi machozi. Mwanzoni fundi alisimama akabishana nao. Baadaye akaacha kupita. Wateja wakaanza kupeleka saa zao kwingine, wakisema asije akawaambia kuna mtu kajificha ndani ya saa. Na kila walipomcheka alizidi kuamini, kwa sababu sasa aliyekuwa akizungumza naye vizuri ni ile sauti ya kwenye simu tu.

Mama Glasi aliumia, hakuna haja ya kuficha. Alimkumbuka shemeji yake na alimkasirikia, yote kwa pamoja. Alitaka jambo moja: aje, akae kwenye kiti chake, anywe maji kutoka mkononi mwake. Siku moja alimpelekea karatasi za vipimo vya mwaka mzima. Fundi alizirudisha bila kuzifunua.

"Karatasi mnaandika nyinyi wenyewe," alisema.

Mama Glasi alitoka pale amefura, akapita hata kona ya nyumbani kwake bila kuiona. Kisha akasimama katikati ya njia. Mtu yule alikuwa amesema kweli. Karatasi waliziandika wao. Na tangu lini fundi saa akaamini kitu ambacho hajakifungua?

Wiki iliyofuata, kwa ruhusa ya mkuu wake wa kazi, alichukua kikasha cha zamani cha kupimia dawa ya maji, akaenda kukiweka juu ya meza ya fundi, katikati ya koleo ndogo na vioo vya saa.

"Sikuja kubishana," alisema. "Na usiniamini mimi. Pima mwenyewe."

Akamwonyesha: jaza kichupa hadi kwenye mstari, tia kidonge, tikisa, ngoja dakika moja. Fundi akaihesabu dakika kwa saa tatu tofauti. Maji ya bomba yakageuka waridi hafifu, na Mama Glasi akayaweka kando ya kadi yenye rangi na namba: sifuri, nukta moja, nukta mbili, kwenda juu.

"Yakikolea kupita hapa, dawa imezidi. Nipigie. Yakipauka chini ya hapa, dawa haitoshi, na vijidudu vitaishi raha mustarehe. Nipigie vilevile."

Fundi alikilaza kikasha siku mbili mezani, kimefunguliwa skrubu moja moja. Alijaribu vidonge kwa maji ya mvua, rangi haikutoka. Akajaribu kwa maji yenye tone la dawa ya kung'arishia nguo, ambayo ina dawa ile ile ya maji, yakawa mekundu ya kutisha. Siku ya tatu, saa moja asubuhi, simu ya Mama Glasi ililia.

"Nukta tatu," ilisema sauti ya fundi, na kukata.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nukta tatu. Nukta nne. Nukta tatu. Hakuna salamu wala habari za watoto.

"Umempa kichaa rungu," alinung'unika mumewe.

"Nimempa kazi," alijibu mkewe, akaendelea kuvaa viatu.

Miezi mitano ikapita. Asubuhi moja fundi hakupiga simu. Badala yake mlinzi wa mtambo alimpigia kutoka getini, akishindwa kusema kwa kicheko. "Mama, njoo umwone Profesa wako. Leo analalamika dawa hakuna!"

Alimkuta fundi getini, jasho linamtiririka, daftari mkononi, vibarua wamemzunguka wakishikana mabega kwa kucheka. Mtu aliyepiga kelele miaka miwili kwamba maji yana dawa, leo anapiga kelele kwamba hayana!

"Sifuri, shemeji," alisema. "Nimepima mara nne. Hata rangi haitoki. Na shule ya mtaa wetu iko mwisho wa bomba lile lile."

Mama Glasi hakucheka. Hapo mtamboni yeye mwenyewe alikuwa amepima nukta tano saa moja iliyopita. Basi kasoro ilikuwa njiani. Alimpigia mwalimu mkuu afunge mabomba ya shule, akachukua chupa zake, na wawili wale wakalifuata bomba kuu, nyumba kwa nyumba, fundi akitikisa na Mama Glasi akisoma rangi. Kwenye gereji, nukta tatu. Kwa mwoka mikate, nukta tatu. Kwa mziba pancha, weupe mtupu. Kati ya mwoka mikate na mziba pancha kulikuwa na mtaro wa maji machafu, na chini yake kiungo cha bomba kilichopasuka, kikivuta ndani, kila msukumo wa maji uliposhuka, uchafu uliokuwa ukiimaliza dawa.

Maji yalifungwa papo hapo. Kufikia alasiri mafundi walikuwa wamebadilisha kiungo na kusafisha bomba, na hakuna mtoto hata mmoja wa shule ile aliyeugua. Jioni, Mama Glasi alikwenda mwenyewe barazani kwa kinyozi, akasimama mbele ya drafti yao, akawaeleza nani amewaokolea watoto wao. Kinyozi alizima mashine yake. Hakuna aliyejifanya kapooza.

Fundi, kwa upande wake, hakuomba radhi. "Sijasema nawaamini," alimwambia. "Nasema napima." Mama Glasi akaona hata yeye hajawahi kuieleza kazi yake vizuri namna ile.

Mama Glasi alipostaafu, wafanyakazi wenzake na majirani walikuja nyumbani kumuaga. Mkuu wa kazi alisoma cheti, watu wakapiga makofi. Kisha mlangoni akatokea fundi saa, kavaa koti lake la harusi ile ya zamani. Mume ndiye aliyemwalika, kwa mguu wake mwenyewe, na ndiye aliyemvutia kiti.

Mama Glasi akaweka glasi mbele yake, akamimina. Fundi akatia mkono mfukoni, akatoa kikasha.

"Jamani, hata leo?" kinyozi aliguna.

"Mwacheni apime," alisema Mama Glasi, na kifua chake kilikuwa kimejaa fahari kuliko wakati wa kusomewa cheti.

Fundi alijaza kichupa, akatia kidonge, akatikisa, akatazama saa yake dakika nzima huku watu thelathini wakimngoja. Akainua kichupa dirishani.

"Nukta nne," alitangaza.

Akainywa glasi hadi tone la mwisho, akamnyooshea tena.

"Ongeza, shemeji."