Fulana za Msiba wa Keya

Baba alipofariki nilikuwa Guangzhou, China, kwenye biashara yangu ya nguo za watoto. Kaka yangu alinipigia, akanipa pole, kisha akaniagiza fulana.

Kwetu Songea siku hizi mtu hazikwi bila sare. Zamani watu walikuja msibani na kanga waliyokuwa nayo, wakakaa chini, wakalia. Sasa kuna kamati, kamati ina mwenyekiti, na mwenyekiti anataka fulana zenye picha ya marehemu kifuani na maneno mgongoni, ili mpiga video asichanganye wafiwa na waliokuja kula. Mwenyekiti alikuwa kaka. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayesimama wima hata akiongea na simu. Alisema kwa kuwa niko kwenye chimbuko lenyewe la fulana, basi Mungu amepanga. Nikamuuliza kama nikipata ndege ya kesho nitawahi kuzika.

"Wewe usipowahi tutakuelewa," akasema. "Fulana zisipowahi, watu watatuelewaje?"

Kwa hiyo nilibaki. Asubuhi nilinawa uso nikaenda Guangyuan Xilu, kwenye maduka ya jumla karibu na stesheni, ambako wachukuzi hukupigia kelele upishe mikokoteni yao ya marobota hata kama umefiwa. Ghorofa ya juu yuko mama mmoja wa Kichina anayechapisha fulana. Sisi wanunuzi humwita laoban, yaani bosi, naye hutuita hivyohivyo, basi duka zima ni mabosi watupu. Siku nzima husimamisha simu yake mezani ikionyesha tamthilia za vita, Wajapani wanaanguka kama nzige, naye anakunja fulana bila kutazama chini.

Nilimpa picha ya baba, ile ya koti la kanisani, amekaa kwenye kigoda ameshika fimbo. Kisha nikafungua maneno aliyotuma kaka ya kuweka mgongoni.

Ilikuwa vita nzima. Ilianza Mjerumani alipoingia Poland, ikapita Paris, ikaenda jangwani Misri, ikagandia kwenye theluji ya Urusi, ikarudi baharini kwa Wamarekani, na kila aya ilikuwa na mahali vita "ilipochukua mkondo mpya". Mkondo wa mwisho ulichukuliwa na baba yetu. Kwa maandishi ya kaka, Mjerumani alishindwa Stalingrad ili mtu wa Songea apate nafasi ya kuvuka mto Chindwin kule Burma na "kuwateketeza Wajapani kwa mkono wake". Baada ya hapo dunia ikapata amani.

Pale dukani alikuwepo mama wa Lubumbashi, mnunuzi mwenzangu, tunasali pamoja Jumapili. Amesoma kwa Kifaransa na huwa hacheki hovyo. Alisoma juu ya bega langu mpaka mwisho.

"Mama, pole," akasema. "Lakini hii vita yote utaitia mu mugongo ya batu? Mutu munene, sawa. Mutu mwembamba atabeba mupaka Paris tu."

Nilicheka, siku ya pili ya msiba wa baba yangu. Namshukuru mpaka leo.

Vita ya baba ninayoijua mimi ilikuwa fupi. Alichukuliwa kijana, akafanywa Keya, maana ndivyo walivyoitwa askari wa Mwingereza huku kwetu. Wakapandishwa meli Mombasa. Walikofika walimpa machela. Basi. Yeye na mwenzake mmoja, mmoja mbele mmoja nyuma, walitembea kwenye bonde la Kabaw kule Burma mvua ikinyesha, matope mpaka magotini, wakiwatoa majeruhi na wagonjwa mbele na kuwapeleka nyuma. Hakujua Stalingrad. Hakuna aliyemweleza vita inakwendaje, naye hakuuliza, kwa sababu alikuwa akiipima kwa mabega. Mwanzoni walibeba Waingereza na Waafrika wenzao, wazito kwa maji na homa. Kisha siku moja wakaamriwa wambebe Mjapani aliyekutwa njiani. Baba alisema aliinua machela akadhani mwenzake amesahau kumlaza mtu. Alikuwa mwepesi kama mtoto, amekula majani, mdomo umebaki kijani. Baba akamwambia mwenzake, hawa wamekwisha. Huo ndio mkondo mpya wa vita alioujua yeye.

Na alikuwa na jambo moja tu alilolidai maisha yake yote. Kila mwaka siku ya mashujaa walimweka kiti cha mbele, wakampa soda, na mgeni rasmi akasema mzee huyu aliwaua maadui. Kila mwaka baba alisimama kwa shida akasema, "Mimi nilikuwa wa machela. Sikuua mtu, na nikifa asiseme mtu kwamba niliua." Watu walimpigia makofi, wakaendelea. Walidhani ni unyenyekevu. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alikuwa anasahihisha.

Laoban aliniuliza kwa ile simu yake ya kutafsiri mzee huyu alikuwa nani. Nikaiambia simu kwamba alikuwa Burma kwenye vita na Wajapani. Uso wake ulibadilika. Alinivutia kiti, akanimiminia chai, akaniambia Wajapani walipokuwa hapa Guangzhou bibi yake alipoteza ndugu zake wote. Akasogeza kazi za wengine, akaweka ya baba mbele. Nilishukuru nikaenda kutafuta msafirishaji wa kupeleka mzigo Baiyun, uwanja wa ndege.

Niliporudi alinionyesha kompyuta yake kwa furaha. Fimbo ya baba ilikuwa imeondolewa, ameshikishwa bunduki. Koti la kanisani limevuliwa, amevikwa sare, mkanda na kofia, vyote vimetolewa kwenye tamthilia. Baba yangu, Mngoni, Keya wa Mfalme wa Uingereza, alikuwa amegeuka askari wa Kichina.

Alikuwa amekwisha kunitumia picha hiyo kwenye simu, nami nikaituma kwenye kundi la ukoo ili watu waone upuuzi wenyewe. Kosa langu lilikuwa kudhani wataona. Mikono ya kusali ilimiminika. Shujaa wetu. Safi sana. Shangazi aliandika kwamba kweli ujana wake ndivyo alivyokuwa. Binamu mmoja, mlinzi wa benki, alithibitisha kuwa sare hiyo ndiyo hasa ya wakati ule. Katika ukoo mzima wenye macho hakuna aliyeiona nyota ya Kichina iliyokuwa kwenye kofia. Kaka akaandika kwa herufi kubwa: KAMATI IMEPITISHA.

Nikampigia. Nilimwambia baba hakushika bunduki. Akasema alikuwa mwanajeshi. Nikasema wa machela. Akasema machela ni kazi ya jeshi, lakini hakuna mtu anayetaka machela kifuani.

"Baba alisema asisemwe kwamba aliua," nikamwambia. "Ulimsikia mwenyewe, kila mwaka."

"Wazee husema mengi. Sasa amelala. Sisi ndio tuliobaki na heshima yake."

Heshima yake. Mtu huyu alikuwa hajakaa na baba wiki nzima tangu astaafu. Nilikata simu, na sijutii.

Nikamwambia laoban arudishe fimbo. Arudishe koti. Mgongoni afute Poland, Paris, Urusi na mto, aandike: Alibeba majeruhi. Hakuua mtu. Aliiuliza simu yake kama imesikia vizuri. Nikarudia pole pole. Alichapisha, lakini chai haikuongezwa.

Mzigo uliondoka, ukafika asubuhi ya maziko. Hapakuwa na muda wa kuchapisha zingine, na kamati ilikuwa imeshatangaza kwamba asiye na sare hatakaa na wafiwa. Kwa hiyo walizivaa. Kaka pia alivaa, maana mwenyekiti atavunjaje sheria yake.

Niliyatazama maziko kwa simu, nimekaa dukani kwa laoban kwa sababu mtandao wake una nguvu. Kaka alisoma wasifu wote, uleule wa vita nzima. Hakuruka neno. Alipofika pale pa kuteketeza kwa mkono wake, watu waliokaa nyuma waliangalia migongo ya waliokaa mbele. Wengine waliinamiana wakanong'ona. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekaa na baba benchi moja tangu mimi sijazaliwa, alisema kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu, geuka basi tukusome." Kaka akafungua ukurasa unaofuata.

Kisha wajukuu wakainua jeneza, na aliyeshika simu akawafuata kwa nyuma. Nikawa naona migongo tu.

Laoban alisogea. Akaisogeza simu yake ya kutafsiri karibu na mdomo wangu, akauliza hayo maneno, ni kweli? Hakuua Mjapani hata mmoja?

Nikasema hata mmoja.

Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa amenipa kiti siku zote hizo kwa ajili ya ndugu za bibi yake, na mtu mwenye akili angeishia hapo.

"Alimbeba mmoja," nikasema. "Alikuwa anakufa njaa."

Simu ilimsomea kwa Kichina. Aliinuka, akaenda kukunja fulana upande wa pili wa duka, akinipa mgongo. Hakunifukuza. Mimi nikaendelea kutazama wakimshusha baba, mpaka udongo ukafunika.