Mafuta ya Cherehani

Baba yangu alikuwa fundi nguo, na nyumbani kwetu Moshono hakikuwepo kitu ambacho hakijatiwa mafuta ya cherehani. Bawaba, kufuli, baiskeli, hata redio. Kiharusi kilipomlaza, alibaki na ombi moja tu: auone mfereji aliouchimba ujanani na wenzake huko juu Meru, kuanzia kwenye chanzo hadi kwenye migomba yake. Nilimpelekea picha za simu, akazikataa.

"Hivi ni vipande. Mimi nautaka wote."

Nikamwahidi kuurekodi kwa droni Jumatatu. Jumamosi nikaenda kuirusha kwa kupiga video ya harusi Nduruma, na kwa haraka zangu nikaitua droni kwenye vumbi. Jumatatu asubuhi naiwasha karibu na kitanda chake, kamera inatetemeka, inainama, inagoma. Simu inaniandikia kwamba mota ya kamera imezidiwa. Nikazima, nikawasha. Nikaisawazisha upya. Wapi!

"Ina mchanga tu hiyo," baba akasema. "Tia mafuta."

Nilijua. Haki ya Mungu, nilijua vile vimota havitaki mafuta, vinataka kupulizwa vumbi basi. Lakini ilikuwa miezi mingi baba hajanifundisha kitu, na mkono wake mzima ulikuwa umeshaninyooshea kichupa. Nikatia matone matatu. Mafuta na vumbi vikawa uji, kamera ikalala kichwa chini, haikuinuka tena.

Fundi wa mjini aliifungua akacheka, kisha akaniangalia usoni akaacha. Kifaa kipya kilibidi kiagizwe nje, wiki tatu. Daktari alishaniambia baba hana wiki tatu.

Hapo nikafanya jambo la aibu. Nilichukua video ya Nduruma, nikakata harusi, nikabakiza mashamba na mfereji wa watu wa huko.

"Imepona, baba. Mafuta yako yameiponya."

Aliitazama mwanzo hadi mwisho. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mashamba ya watu yamestawi," akasema, akanirudishia simu. Kisha akaniomba nikifunge vizuri kile kichupa, mafuta yasimwagike.

Alifariki kabla kifaa hakijafika. Tulimzika kule juu, hatua chache kutoka kwenye mfereji wake. Droni ilishatengenezwa, inaruka vizuri, na hadi leo sijaipandisha kule. Nikiurekodi, nitamwonyesha nani?