Nilivyokamatwa Kwenye Njia ya Reli Isiyo na Reli

Hii habari nimeificha muda mrefu, na hata sasa nikiisimulia masikio yananichoma, maana mtu mzima, mwalimu wa ngumbaru, kutolewa chini ya njia kama panya buku huku akina mama wanatazama, si jambo la kumwambia kila mtu.

Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera. Nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima Murusagamba, na mke wangu Domitila alikuwa ameenda kujifungulia kwao Kirushya. Siku moja nikaletewa habari kwamba nimepata binti. Mtoto wa kwanza! Nikaazima baiskeli, nikafunga nyuma redio (baba mkwe alitaka kusikia habari za vita) na kilo ya sukari niliyoipangia foleni tangu alfajiri. Tatizo lilikuwa barua. Siku hizo huwezi kuingia kijiji cha watu bila barua ya mwenyekiti, na mwenyekiti wetu alikuwa mkutanoni wilayani. Mwenye akili angesubiri kesho. Mimi nikaamua kukwepa kizuizi cha barabarani, nikapita njia ya reli.

Usiwaze treni. Zamani za mkoloni kulikuwa na machimbo ya bati mlimani, na vibehewa vikisukumwa kwenye reli nyembamba. Machimbo yalipokufa reli zikang'olewa, ikabaki njia inayozunguka mlima taratibu, bila mpando wa kukutoa roho, huku unaona bonde zima, migomba, mashamba ya maharage, na mto Ruvubu unametameta kule mbali. Kwa baiskeli ni raha tupu. Lakini raha yenyewe ilikuwa nusu, maana nilimshuku kila mtu: mchunga mbuzi nadhani ni mgambo, mpita njia akigeuka mara mbili nadhani ameshakwenda kunisema. Ndivyo tulivyokuwa wote mwaka ule.

Karibu na Kirushya njia inapita katikati ya mwamba uliokatwa, ukuta huku, ukuta huku. Nikakata kona, nani anakuja mbele? Mama mkwe, na kuni kichwani.

Kwa asiyejua mila zetu: mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasalimiani. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite, naye anainamisha macho. Sasa pale pori liko wapi? Palikuwa na kalvati tu, lile bomba kubwa la zege la kupitishia maji chini ya njia. Nikajitumbukiza, nikavuta na baiskeli (gurudumu la nyuma likabaki nje).

Nikasikia hatua zimesimama. Kisha kuni zikaanguka puu, na yowe likapanda: "Mpererezi! Kuna mpererezi chini ya njia!"

Nikitoka, nakutana uso kwa uso na mama mkwe. Nikibaki, mimi ni mpelelezi. Nikabaki! Haukupita muda kijiji kizima kikafika na fimbo na majembe, kamanda wa mgambo mbele, na bunduki yake ya mbao ya kufanyia gwaride.

"Ndugu, toka humo! Mikono juu!"

(Jaribu wewe kutambaa mikono juu.) Wakafungua mzigo. Walipoona redio na waya wake mrefu wakatazamana. Wakatoa daftari langu la mahudhurio.

"Hawa uliowapiga misalaba umepanga kuwafanya nini?"

"Ni watoro wa kisomo, ndugu kamanda."

"Barua ya mwenyekiti?"

"Sina."

"Ulijificha kwa nini?"

Kusema mbele za watu kwamba namkimbia mama mkwe nikaona haya, nikajibu kwamba nilikuwa najisaidia.

"Pamoja na baiskeli?" akauliza mama mmoja.

Wakaamua nipelekwe wilayani, kwa wanajeshi. Hapo nililia, sifichi. Nani angejua ningerudi lini, na binti yangu alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, sijamwona hata sura! Nikasema ukweli wote, kwamba mimi ni mkwe wao. Lakini baba mkwe alikuwa amekwenda Kabanga, na Domitila ni mzazi, hatoki nje. Wa kunitambua akabaki mmoja tu, yuleyule aliyepiga yowe.

"Mama, ni mkweo huyu?"

Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, kanga imemfunika kichwa chote. "Nitajuaje? Sijapata kumtazama usoni."

Watu wakaguna. Mama mkwe akainua mkono.

"Mvueni viatu."

Wakanivua, na soksi zangu zenye matundu. Akageuka, macho chini, akaikagua miguu yangu kama mtu anayenunua mbuzi, mpaka kwenye kidole kidogo kilichompanda mwenzake.

"Ndiye," akasema. "Miaka miwili naitazama hiyo miguu. Hata visigino hasugui."

Kijiji kilicheka mpaka kamanda akaangusha bunduki yake. Nikasindikizwa nyumbani peku, nikiapa moyoni kwamba maisha yangu yote sitajificha tena mbele ya mtu ninayeweza kumsalimu. Nikasimama mlangoni. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta, namsikia anapumua, na mila au si mila, nikapaza sauti kwa mara ya kwanza tangu nioe:

"Shikamoo, mama."

Nikamsikia akisogea mbali na ukuta, nikajua nimeharibu tena.

"Marahaba," akajibu. "Nawa miguu ndipo umshike mtoto."